Mwanamke wa Dirishani

Mama yake binti alikuwa amekwisha kusema neno lake, na alilisema huku akipiga pasi, bila kuinua uso.

"Mimi siozeshi mtoto kwa kusikia. Unaniambia mtu huyo ana adabu, ana moyo, ana hiki na kile. Mimi ninachojua ni kwamba anakula kwa wafu. Nitakwenda nimwone akila, ndipo nitakuwa na la kusema."

Ndiyo sababu Jumamosi ile, saa kumi kasorobo za alasiri, Jeneza alipofika kwenye ngazi za makumbusho ya tiba, mwavuli wake mweusi kwapani, aliwakuta watu wawili wamesimama kando ya wageni wengine. Mmoja alikuwa Fundi Miwani, msichana aliyempenda kwa miezi minane sasa. Wa pili alikuwa mama yake, mkunga wa miaka mingi, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na macho yasiyo na haraka.

Jina la Jeneza hakupewa na wazazi. Alikuwa mwongozaji wa Matembezi ya Kutisha, saa mbili na nusu za kuzunguka kwa miguu katika mji ule mkubwa, kuwaonyesha watu yale ambayo miji huficha: mafuvu ya makumbusho, chumba cha chini cha hospitali kuukuu ambamo maiti zilihifadhiwa kwa barafu, duka la mshona sanda, ua wa gereza uliokuwa na kitanzi. Mwaka wake wa kwanza alijilaza ndani ya jeneza kwenye karakana ya seremala, ili wageni wampige picha. Usingizi ukampitia. Wageni wakaondoka, seremala akafunga karakana akaenda zake, na asubuhi wenzake wakamtoa mle akiwa anaomba chai. Tangu hapo jina likamganda.

Na Fundi Miwani naye, Jeneza alimpata kwa njia hiyohiyo ya kazi. Mgeni mmoja, kwa hofu, alimzaba kofi miwani ikavunjika vipande viwili. Alipoipeleka dukani, msichana aliyekuwa nyuma ya meza akamsikiliza hadi mwisho, akamkalisha, akampima macho, kisha akasema, "Macho yako mazima. Kinachokusumbua ni kazi." Akacheka. Jeneza alirudi wiki iliyofuata na miwani nzima, akidai inambana masikioni.

"Shikamoo, mama," alisema sasa.

"Marahaba. Ndiyo wewe?"

"Ndiye mimi."

"Kumbe una shati jeupe. Nilidhani utakuja na sanda."

Fundi Miwani akaficha tabasamu kwa kiganja. Jeneza akajua kwamba leo ndiyo leo. Jumapili ya wiki iliyofuata baba yake mdogo alikuwa aende kwao binti kupeleka neno la posa. Kama mama huyu angeondoka hapa amekunja uso, baba mdogo angekuta mlango umefungwa.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko alivyotazamia. Ndani ya makumbusho, mbele ya kabati la kioo, Jeneza alionyesha chuma kirefu chenye mikono miwili iliyopinda, akashusha sauti kama alivyozoea. "Na hiki, mabibi na mabwana, kiliwatoa watu siri zao zote..."

"Hicho ni koleo la uzazi," mama akasema nyuma. "Kimewatoa watu, kweli, lakini hawakuwa na siri yoyote. Mimi mwenyewe nilitolewa nacho."

Wageni wakaangua kicheko. Mwongozaji mwingine angenuna. Jeneza aliinama, akampa mama nafasi mbele ya kabati, akasema, "Basi mwenye kazi yake yupo. Mama, tusaidie." Mama akawaeleza wageni kila chuma na matumizi yake, dakika kumi nzima, na alipomaliza wakampigia makofi. Walipotoka nje alimwambia binti yake, kwa sauti ambayo Jeneza alikusudiwa aisikie, "Anatia chumvi nyingi. Lakini ukimwambia, anakubali."

Binti akamtazama Jeneza juu ya bega la mama yake. Lilikuwa jicho moja tu la haraka, lakini Jeneza alilibeba vituo vinne vizima, barafuni, kwenye sanda, kwa seremala na gerezani, na miguu yake haikusikia uchovu.

Kisha wakafika kituo cha sita.

Yafaa msomaji ajue kwamba katika kazi ile kila mwongozaji alitakiwa kuwa na kituo chake mwenyewe, hadithi ambayo mwenzake hana. Meneja hakutaka wageni wa Jumamosi wasikie walichosikia wageni wa Alhamisi. Jeneza alipoanza hakuwa na chochote. Akazurura mtaa kwa mtaa mpaka akaona, katika kichochoro cha mafundi, nyumba ya ghorofa moja iliyogeuzwa bohari ya rangi, na juu yake dirisha dogo lililopigiliwa mbao. Akamuuliza fundi viatu wa upande wa pili wa njia. Fundi, misumari mdomoni, akasema maneno machache tu: zamani tulipokuwa watoto palikuwa na mzimu wa mwanamke pale, amevaa nyeupe, anapunga mkono. Basi. Mengine yote Jeneza aliyapika mwenyewe. Na hakugonga mlango wowote kuuliza, kwa kuwa waongozaji wana sheria yao: usigonge mlango, maana atakayefungua ataiua hadithi.

Akawapanga wageni mbele ya bohari, akawanyooshea dirisha kwa ncha ya mwavuli.

"Pale juu," alianza, "aliishi bibi harusi. Siku ya harusi yake alivaa gauni jeupe, akakaa dirishani kumngoja bwana. Saa sita, bwana hakuja. Saa kumi, hakuja. Jua likazama. Nduguze wakamwambia, vua gauni. Akakataa. Akakaa mwezi. Akakaa mwaka. Nywele zake zikarefuka mpaka zikafika sakafuni, na ndugu zake, kwa kuona haya, wakamfungia mle ndani wakawaambia watu amesafiri."

Watu wakasogeleana. Jeneza akaendelea, na sasa mkono wake wa kushoto ulipanda polepole, vidole vikilegea kama vya mtu asiye na mifupa.

"Kila mwanamume aliyepita njia hii alimpungia hivi. Hivi. Akidhani ni yeye. Na mwanamume alipokosa kusimama, bibi harusi alicheka."

Akacheka. Kilikuwa kicheko chembamba, cha kupanda na kukatika, na kilianzia puani. Wageni wakapiga yowe wakacheka nao. Fundi Miwani alicheka kuliko wote, kwani kicheko kile yeye ndiye aliyemfundisha, usiku mmoja kwenye simu, wakijaribu hiki na kile mpaka mbavu zikawauma. Alimgeukia mama yake wacheke pamoja.

Mama hakuwa akicheka. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, akitazama zile mbao za dirisha.

"Hadithi hii umeipata wapi?" akauliza.

Jeneza alikuwa bado ndani ya sauti ya kazi. "Mama, wafu wenyewe ndio walionisimulia."

Wageni wakacheka tena.

"Basi wamekuficha jambo," mama akasema. "Hakuwa na nywele. Nilikuwa nimemnyoa mimi. Yule alikuwa dada yangu."

Nyundo ya fundi viatu ilisikika mara mbili, kisha ikasita. Halafu mgeni mmoja, bwana mnene mwenye kamera shingoni, akaanza kupiga makofi. Aliona ni sehemu ya mchezo, kwamba mama yule wa makoleo alipangwa tangu mwanzo. Wenzake wakamfuata. Makofi yakajaa kichochoro chote.

Hapo Jeneza angeweza kusema neno. Angesema tu, nyamazeni, huyu ni mama wa watu, huu si mchezo. Alikuwa na pumzi ya kutosha kusema hivyo. Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea yake. Kila kituo kilipokwisha na makofi yakaanza, yeye hufungua mwavuli na kuinama. Na mkono ukafungua mwavuli. Na mgongo ukainama.

Alipoinuka, mama alikuwa ameshageuka kuondoka. Fundi Miwani alisimama kitambo akimtazama, na uso wake ulikuwa umemshuka kiasi kwamba Jeneza hakuutambua mara moja.

"Ngoja," Jeneza alisema. "Sikujua..."

"Usinifuate," binti akasema. Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Umeinama. Nimekuona."

Kituo cha saba kilikuwa makaburini. Jeneza aliwapeleka wageni, akasema aliyotakiwa kusema, na hakukumbuka hata neno moja. Jioni meneja akampigia simu.

"Wageni wamekusifu sijapata kuona. Yule mama umemtoa wapi? Anaigiza kama kweli. Muulize kama anaweza kuja kila Jumamosi."

Jeneza akakata simu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni. Aliwaza juu ya miaka mitatu, Jumamosi baada ya Jumamosi, mkono ule uliolegea na, miezi hii ya karibuni, kicheko kile cha puani. Kila alipokumbuka mahali ambapo wageni hucheka zaidi, masikio yalimwaka moto kama ya mtoto aliyechapwa mbele ya darasa. Akampigia baba yake mdogo.

"Baba mdogo, Jumapili ile usiende."

"Kwa nini? Nimeshafua koti."

"Nimewavunjia watu heshima."

Akamweleza. 

"Ulipomsikia akisema ni dada yake, ukafanya nini?"

"Nikainama, baba mdogo."

"Ukainama kumwomba radhi?"

"Nikainama kwa ajili ya makofi."

Mzee akashusha pumzi. "Kesho nenda. Nenda peke yako. Mimi nikija pamoja nawe nitakuwa nimekuja kama wakili, na wewe huna kesi. Una kosa tu."

Basi asubuhi ya Jumapili Jeneza alisimama kwenye mlango wa nyumba ya mkunga, mikono mitupu. Mwavuli aliuacha, ijapokuwa mawingu yalikuwa mazito. Aliyefungua ni Fundi Miwani. Alikuwa na kanga begani na macho mekundu, na hakumpisha.

"Umekuja kusema hukujua," alisema.

"Sikuja kusema hivyo."

"Maana hata mimi sikujua. Niliambiwa mama alikuwa na dada aliyekufa kwa homa, basi, hata picha sijawahi kuiona. Lakini mimi nilicheka. Unaelewa? Kile kicheko nilikupa mimi. Usiku kucha najisikia nikicheka nawe kwenye simu, nakwambia, hapana, kianzie puani. Nilikuwa namfundisha mtu kumcheka mama yangu mkubwa."

"Kosa ni langu. Wewe hukuijua nyumba ile."

"Usininyang'anye langu," akasema kwa ukali. "Beba la kwako. Lenyewe linakutosha."

Jeneza akainamisha kichwa. Alitamani kumshika mkono, na alijua kwamba leo hana mkono wa kumshika nao.

"Nani huyo?" sauti ya mama ikatoka ndani.

Binti akageuza uso kuelekea ndani. "Ni yeye."

"Mwache aingie."

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Kulikuwa na meza ya kupigia pasi, rundo la mashuka meupe ya kliniki, na viti vitatu. Mama hakuacha kazi. Jeneza alipofungua kinywa kuomba radhi, mama aliinua kiganja kumzuia.

"Radhi baadaye. Jana nilikata tiketi, sikusikiliza vizuri. Nilishtuka mapema. Kaa hapo, unisimulie tangu mwanzo."

"Mama, tafadhali."

"Kama unavyowasimulia wao. Usinipunguzie."

Jeneza alimtazama binti. Binti aliegemea mlango wa ukumbini, mikono kifuani, na hakumsaidia. Akaanza. Bibi harusi. Gauni jeupe. Saa sita, saa kumi. Katika kichochoro maneno yale yalikuwa yakitiririka; katika sebule ile, mbele ya mwanamke anayekunja shuka, kila neno lilimtoka kama mwiba wa samaki kooni. Alipofika kwenye nywele alisimama.

"Endelea. Zilifika wapi?"

"Sakafuni, mama."

"Halafu?"

"Halafu alikuwa... akiwapungia watu mkono."

"Vipi?"

"Mama, siwezi."

"Jana uliweza mbele ya watu kumi na saba. Vipi?"

Akainua mkono. Uliinuka kidogo tu, akaushusha juu ya goti. Machozi yalikuwa yamemjaa na aliona haya kuyafuta.

"Sina la kujitetea," alisema. "Nilipata maneno mawili nikajenga nyumba. Sikumfikiria hata siku moja kuwa mtu. Nilimfikiria kuwa kituo. Na uliposema ni dada yako nikainama kwa wageni. Hilo ndilo linaloniua. La kwanza nilifanya kwa kutojua. La pili nilijua."

Mama akaweka pasi wima. Kwa mara ya kwanza tangu Jeneza aingie, akakaa.

"Sasa na mimi nikusimulie," alisema. "Na wewe mtoto uje ukae. Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Hata baba yako alikufa halijui."

Binti akaja akakaa ukingoni mwa kiti.

"Alikuwa na miaka kumi na tisa. Moyo wake ulikuwa mgonjwa. Hakuweza kulala chali, akilala pumzi inamkata, kwa hiyo tulimweka kwenye kiti karibu na dirisha apate hewa. Mto mgongoni, mto ubavuni. Hilo gauni jeupe ni la hospitali. Nywele nilimnyoa kwa kuwa hata kuchanwa kulimchosha. Bwana harusi hakuwepo, wala hakungojewa. Alikuwa akipunga mkono, hapo fundi viatu hakusema uongo. Unajua alikuwa akimpungia nani?"

Jeneza akatikisa kichwa.

"Mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Saa saba natoka shule, yeye ananingoja tangu saa sita. Akiniona mwanzo wa kichochoro anapunga. Siku nzima hana kitu kingine. Na mimi nilimwonea haya. Upara ule, uso ule uliovimba. Siku moja natoka shule na wenzangu, wapya, mabinti wa watu wazito, na mimi najipendekeza kwao. Mmoja akauliza, yule nani anakupungia pale juu?"

Alichukua shuka lililokwisha kukunjwa, akalikunjua, akaanza kulikunja upya.

"Nikasema, mimi simwoni mtu. Wakasema, yule pale, mwenye nyeupe. Nikasema, basi mtakuwa mmeuona mzimu. Nyumba ile ina mzimu. Wakapiga kelele, wakakimbia. Na mimi nikakimbia nao. Nikaupita mlango wa kwetu mbio, nikipiga kelele kuliko wote."

"Mama," binti akasema.

"Nyamaza, nisije nikashindwa. Kesho yake wakaja watoto wengine kuuona. Fundi viatu yule alikuwemo, nilikuwa naye darasa moja. Wakasimama chini ya dirisha wakiimba mzimu, mzimu. Na yeye alikuwa pale juu akiwasikia. Nilipopanda akaniuliza, jana mbona ulipita mbio, mlikuwa mnakimbia nini? Nikamwambia, mbwa. Akasema, pole mdogo wangu."

Pasi ilitoa mlio mdogo wa kupoa.

"Hakupunga tena. Aliniambia nimvutie pazia, kwamba jua linamuumiza macho. Mwezi haukuisha akafa. Mpaka leo sijui kama alijua neno lile lilitoka kwangu. Na jana, mwanangu, nasimama mbele ya nyumba ile baada ya miaka arobaini na mitano, namsikia mtu mzima mwenye mwavuli ananirudishia uongo wangu. Uongo umekua, umenenepa, umevishwa na gauni la harusi. Wewe uliutia chumvi. Mpishi nilikuwa mimi."

Jeneza alikuwa amekuja na aibu yake mikononi akidhani ndiyo pekee nyumbani mle, na sasa aliona imekaa katika kila kiti. Haikumpunguzia ya kwake. Alitaka kusema kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja hana kosa, akafunga mdomo, kwani alikumbuka maneno aliyoambiwa mlangoni: usininyang'anye langu.

"Jumamosi nitapita pale bila kusimama," alisema hatimaye. "Kituo hicho hakipo tena."

"Na wakikuuliza? Maana wageni walishaambiana."

"Nitasema palikuwa na mgonjwa, na kwamba niliyoyasema yalikuwa ya uongo."

"Meneja wako?"

"Akitaka kituo kingine nitatafuta. Na nitagonga mlango kwanza. Meneja asipotaka, nitarudi kujilaza jenezani."

Kona ya mdomo wa mama ilicheza kidogo, ikatulia. "Msamaha usingoje kwangu, sina wa kukupa. Mwenyewe nautafuta, na niliyemkosea hayupo. Lakini umeweza kuketi hapo ukasema umeinama kwa makofi, hukutafuta mlango wa kutokea. Mimi nimetafuta mlango huo umri wangu wote." Akasimama, akaichukua pasi. "Huyo baba yako mdogo, ana koti safi la kuja nalo?"

"Amelifua, mama."

"Basi aje. La posa ni lake huyu, si langu. Akikukataa, ni yeye amekataa."

Fundi Miwani hakuwa akimtazama Jeneza. Alikuwa ameketi miguuni pa mama yake, kichwa kimeegemea goti, kama mtoto mdogo.

"Mama," alisema, "aliitwa nani? Hujawahi kunitajia jina lake."

Macho ya mama yakaenda kwa Jeneza mara moja. Naye Jeneza, ambaye kwa miaka mitatu aliishi kwa kudokoa majina na minong'ono ya watu, aliinuka kitini bila kuambiwa. Akaenda barazani, akafunga mlango nyuma yake, na kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba akateremka na ngazi, akasimama karibu na lango, mahali ambapo sauti haifiki. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Akaiacha imnyeshee.

Alikaa kitambo kirefu mpaka shati likamganda mgongoni. Kisha mlango ukafunguka. Fundi Miwani akaja akasimama kando yake chini ya mvua ileile, kanga imempanda kichwani. Hakumshika mkono.

"Uliondoka," alisema.

"Niliondoka."

"Hukusikia?"

"Sikusikia kitu."

Akamtazama sana, kwa makini, kama siku ile dukani alipompima macho. Uso wake ulikuwa bado umevimba kwa kulia, na kwa Jeneza haukuwahi kuwa mzuri hivyo.

"Ni jina zuri," alisema. "Lakini ni la watu wa nyumbani."

Jeneza akageuka kwake. "Na mimi?"

Akafikiri. Mvua ilimchirizikia hadi kidevuni, naye hakuifuta.

"Wewe bado," akasema, akasogea hatua moja karibu yake, wakasimama hivyo.